Randa Mbili na Lakiri ya Ukutani: Risala ya Mafundi Seremala wa Ezbet el-Nashar, Dumyat

Mgeni rasmi, Mhandisi Rushdi Abdel-Gayed, Mkurugenzi wa Mfuko wa Zana Mpya;
Mwenyekiti wetu, Hagg Mitwalli;
Maafisa mliofuatana na mgeni;
Majirani zetu, mafundi wenzetu wa mitaa mingine, na akina mama wa kitengo cha vitambaa:

Amani iwe juu yenu.

Mgeni rasmi, umeingia katika karakana iliyofagiliwa mara tatu tangu asubuhi, na bado utatoka na vumbi la mbao kwenye viatu. Utuwie radhi. Vumbi hilo haliishi hata tukifagia mara kumi, na siku litakapoisha ujue tumefunga milango.

Ratiba ya leo tumeisoma. Saa tano ni risala. Saa sita kasoro robo utakata utepe na kubonyeza kitufe cha kijani cha mashine mpya ya randa. Saa saba ni chakula. Saa nane winchi itaingia uani kuchukua mashine yetu ya zamani ikayeyushwe, kwa kuwa sharti la Mfuko ni kwamba anayekabidhiwa mpya hutoa ya zamani. Risala hii inahusu hiyo saa sita kasoro robo na hiyo saa nane. Tunakuomba kwa heshima uisikilize hadi mwisho kabla hujainuka kwenda kwenye utepe.

TULIKOTOKA

Ushirika wetu ulianzishwa mwaka 1971 na maseremala kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa na benchi lake na randa yake ya mkono. Seti moja ya viti vya sebuleni vya zan, mbao ngumu za Ulaya, ilihitaji siku mbili za kupiga randa tu, kabla ya kuchonga wala kuunganisha, na jioni mtu alishindwa kushika kijiko.

Mashine ya kwanza tuliinunua mwaka 1983. Ilikuwa mtumba. Miaka hiyo Dumyat nzima iliishi kwa mashine za mitumba kutoka Italia. Mzee wa huko akifariki na watoto wake wasitake useremala, mashine zake zilipakiwa melini zikashushwa Port Said. Tulikuwa tukitaniana kwamba kila msiba wa kwao ni harusi ya kwetu.

Kununua mtumba kuna utaratibu, na kila fundi aliyepo hapa aliufundishwa na mkubwa wake. Kwanza unaweka kiganja. Mashine lazima uikute baridi, kwa sababu inayokaribia kufa huwa inaficha ugonjwa wake ikishapata moto. Halafu unaiwasha, unachukua kijiti, ncha moja kwenye nyumba ya beringi na nyingine sikioni, unasikiliza. Mwisho unasimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza ya mashine inayozunguka. Sarafu ikisimama hadi umalize kusoma Fatiha, lipa uondoke nayo.

Walikwenda Port Said watu watatu. Wawili wametangulia mbele ya haki. Wa tatu ni fundi wetu mkuu, Usta Zaghlul el-Bayyumi, ambaye mtamwona amesimama kule ukutani. Wakati huo ndiye aliyekuwa na masikio makali kuliko wote. Walipofika kwenye yadi ya muuzaji, waliikuta mashine inanguruma na chai imeshamiminwa.

"Nimewawashia tangu alfajiri," muuzaji aliwaambia, "muone wenyewe kwamba haichoki."

Usta Zaghlul aliweka kiganja. Ilikuwa ya moto. Akamnong'oneza mkubwa wake, "Tuizime tusubiri ipoe."

"Ukae kimya," mkubwa wake akamwambia. "Mtu amekupa chai na sukari mara mbili, wewe unataka kumwambia mashine yake ina homa?"

Wakanywa chai. Sarafu ikasimama. Wakainunua.

Siku ya kumi na moja ilipiga yowe ambalo wavuvi walilisikia ng'ambo ya mto. Usta Zaghlul aliifungua akakuta beringi zimeliwa, na kumepakiwa humo grisi nzito kama asali ya meshabbik, vitamutamu vyetu vya hapa, ili zisipige kelele. Beringi za ukubwa ule hazikupatikana Dumyat wala Port Said. Akanunua ndogo zaidi, akachongesha pete za chuma za kujaza nafasi, akazipachika. Siku tano baadaye mashine ilikuwa ikifanya kazi, na imefanya kazi hadi leo asubuhi.

Mgeni rasmi, hatukuelezi haya ili kuusifu mtumba. Tulidanganywa, na tulidanganywa kwa sababu ya adabu zetu wenyewe. Tunayaeleza kwa sababu mashine ile mbovu ilikuwa na sifa moja: tulikuwa na ruhusa ya kuifungua.

TULICHOFANYA

Kwa kifupi, maana makabrasha ya Mfuko wako yana orodha yote. Leo tuko wanachama arobaini na watatu, kumi na wawili wakiwa akina mama wa vitambaa chini ya Umm Wagih. Tumetengeneza milango ya shule nane za wilaya hii na vyumba vya maharusi, yaani kitanda, kabati na meza ya kioo, ambavyo hatuna hesabu yavyo. Tuna maktaba ndogo juu ya ghala. Wanachama kumi na tisa, wengi wao wenye mvi, walijifunza kusoma katika madarasa ya jioni ya ushirika huu, wakikaa kwenye viti walivyovitengeneza wao wenyewe. Hilo la mwisho hatukuliona kwenye makabrasha, na tunaomba liongezwe.

USTA ZAGHLUL NA MASHINE YA ZAMANI

Wanaotutembelea hudhani kwamba Usta Zaghlul anaipenda ile mashine. Miaka arobaini ameisimamia peke yake. Ameibadilishia mikanda, swichi, mota mara mbili, na ekseli aliyoichongesha Mansura akaenda mwenyewe kwa treni kuifuata, akarudi ameipakata kama mtoto. Mwaka 1989 mashine hiyo ilimchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alijifunga kanzu mkononi, akaizima mashine, akafagia, ndipo akaenda hospitali.

Mwezi wa Desemba, barua ya Mfuko ilipofika, tulimwita ofisini kwa upole kama watu wanaokwenda kutoa habari ya msiba. Hagg Mitwalli alianza kwa kuzunguka.

"Usta, unajua maisha yanabadilika..."

"Mnataka kuniambia wanaichukua randa?"

"Ndiyo. Tunajua unavyoipenda."

Usta Zaghlul akacheka. "Nani kawaambia naipenda? Siipendi. Naijua. Imenila vidole, imenila masikio, na mke wangu anasema imenila na akili. Hiyo mpya ina breki?"

"Ina breki," Hagg Mitwalli akamwambia. "Mkono ukikaribia visu, inasimama yenyewe."

"Basi ije hata kesho."

Hivyo, mgeni rasmi, usije ukaambiwa baada ya leo kwamba wazee wa Ezbet el-Nashar wanakataa vipya. Aliyekuwa na sababu zaidi ya kukataa ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali.

MASHINE MPYA

Ilifika mwezi wa Januari kwa majaribio ya miezi sita. Tunasema kweli: hatujawahi kuona kitu kama hicho. Ina sauti ndogo hata Umm Wagih alilalamika kwamba sasa wanawake wake wanasikia kila neno wanaume wanalosema. Inavuta vumbi lake yenyewe. Ubao unaingia na miba unatoka kama kioo. Wiki ya kwanza Usta Zaghlul alikuwa akipitisha vipande visivyohitajika, ili aone tu.

Pamoja nayo kulikuja kitabu cha maelekezo cha kurasa sitini na nne. Tulikisoma chote mara mbili, kwa sauti, kwa zamu, wakati wa chai, kurasa nne kila siku. Tunaamini kwamba katika karakana zote ulizozipa mashine, hakuna waliokisoma kama sisi. Ukurasa wa pili unasema pasifunguliwe kitu na mtu asiyeidhinishwa. Ukurasa wa arobaini na moja unasema taa nyekundu ikiwaka mfululizo bila kupepesa, maana yake ni kwamba nyaya za umeme wa fezi tatu zimepishana, na dawa yake ni kubadilishana nyaya mbili kwenye swichi ya ukutani.

Na lakiri ziliwekwa mbili: moja kwenye kabati la mashine, nyingine kwenye hiyo swichi ya ukutani. Mkataba unasema atakayekata lakiri yoyote, dhamana imekufa, mashine inarudi kwa Mfuko, na ushirika unaondolewa kwenye mpango.

Mwezi wa Februari watu wa umeme walikuja kubadilisha nguzo baada ya mvua. Walipomaliza, Usta Zaghlul aliwasha mashine ya zamani, akaizima kabla haijafika mwendo.

"Inazunguka kinyumenyume," alisema. "Wamepishanisha nyaya huko juu."

Akazima umeme mkuu, akafungua swichi ya ile ya zamani, akabadilishana nyaya mbili, akafunga. Chai aliyoiacha juu ya benchi aliirudia ikiwa bado ya moto.

Kisha tukawasha mpya. Haikuzunguka. Ikawasha taa nyekundu, mfululizo, bila kupepesa.

"Hii ina akili kuliko dada yake," Usta Zaghlul akasema. "Imejua umeme umekuja kinyume, imekataa kuzunguka. Nifungulieni ukutani pale, dakika kumi, hata mashine yenyewe siigusi."

Tulimzuia sisi. Tulimwonyesha mkataba. Tukapiga simu kwa Mfuko, tukaambiwa fundi aliyeidhinishwa yuko Kairo na ana mikoa sita.

Tulimsubiri siku arobaini. Mtu akifariki tunahesabu arobaini, na mafundi walianza kusema tusome hitima tumalize. Mashine ya zamani ilibeba kazi zote. Lakini tulikuwa tumeshapokea kazi za mashine mbili, tukachelewa. Abu Dalia, baba wa bibi harusi mmoja wa hapa hapa mtaani, alikuja akasimama katikati ya karakana hii.

"Chumba cha binti yangu kiko wapi?"

Hagg Mitwalli akamweleza kuhusu taa nyekundu.

"Hagg, mimi nimealika watu mia tatu! Gari la kubeba vyombo nimelikodi na wapiga ngoma wake! Nitawapakia nini juu ya gari, taa nyekundu?"

"Usta amesema ni nyaya mbili tu," mmoja wetu akajitia kumtuliza. Ikawa vibaya zaidi.

"Nyaya mbili! Mnajua ugonjwa, mnajua dawa, daktari mnaye hapa anakunywa chai, na mmekaa? Nyie ni mafundi au walinzi wa hiyo mashine?"

Harusi ile iliahirishwa wiki tatu. Abu Dalia yumo humu leo, mstari wa pili, na tunamshukuru kwa kuja.

Fundi wa Kairo alifika siku ya arobaini na moja. Ni kijana mzuri, mwenye heshima. Alikata lakiri ya ukutani, akabadilishana nyaya mbili, akatia lakiri mpya. Umm Wagih alimshikia saa: dakika saba. Samaki tuliompikia alimla kwa saa nzima, na tulifurahi, maana alikuwa ametoka mbali. Alipokuwa akinawa, Usta Zaghlul alimuuliza, "Mwanangu, ningeifanya mimi kungeharibika nini?"

"Hakuna, Usta," akasema. "Ila mimi sina mamlaka ya kukuruhusu. Mwenye mamlaka ni mkurugenzi."

Mgeni rasmi, huyo ni wewe. Ndiyo sababu tuliiomba siku hii mara nne kwa barua.

TANGU JUMANNE

Sasa tunafika pagumu, na tulibishana sana kama tuyaseme.

Jumanne iliyopita watu wa umeme walirudi kufunga waya mpya wa mtaa. Mashine ya zamani ikazunguka kinyume. Usta Zaghlul akairekebisha. Mashine mpya ikawasha taa nyekundu. Tukapiga simu. Fundi yuko Aswan.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, mashine iliyofungwa utepe nyuma yako haifanyi kazi. Ina siku tano haifanyi kazi.

Alhamisi alikuja afisa wa maandalizi. Hatumtaji jina, kwa sababu alikuwa akitutakia mema, na hofu aliyokuwa nayo kila mwenye mkubwa anaijua. Alipoiona taa alishika kichwa.

"Jamani, msinitie aibu! Mkurugenzi anakuja na wapiga picha!"

"Tufungulie lakiri," Usta Zaghlul akamwambia.

"Siwezi. Sikilizeni. Ile ya zamani iko wapi? Nyuma ya pazia la turubai? Vizuri. Yeye akibonyeza kitufe huku, nyie mnawasha ile kule. Kelele itasikika, watu watapiga makofi, picha zitapigwa, tunakwenda kula."

Umm Wagih ndiye aliyeanza kumjibu. "Na atakapotaka kuona ubao ukitoka?"

"Hatataka. Wakubwa hawapendi vumbi."

"Na baada ya makofi," Usta Zaghlul akauliza, "saa nane winchi ikiondoka na ile iliyopiga kelele, mimi Jumatatu nitapiga randa kwa nini? Kwa meno?"

Afisa alisema hilo tutalizungumza baadaye, akaondoka.

Ijumaa baada ya sala tulifanya mkutano. Wapo waliosema tunyamaze, kwamba ukimwaibisha mgeni nyumbani kwako umejiaibisha mwenyewe. Neno hilo ni zito kwetu, na ndilo lililotunyamazisha Port Said mwaka 1983, chai ilipokuwa mkononi na mashine ina moto. Wengine walisema tuyaseme yote, na kama Mfuko hauwezi kutupa ruhusa, basi saa nane winchi ichukue mpya ituachie ya zamani. Tulipiga kura. Kuinua mikono kulionyesha thelathini na wanane wanataka kurudisha mpya kuliko kubaki na mashine moja iliyotiwa lakiri. Wanne hawakuinua mkono upande wowote. Aliyepinga alikuwa mmoja.

Ni Usta Zaghlul.

Alisimama akasema maneno haya, na tumeyaandika kama alivyoyasema: "Nyie mnaopiga kura mna vidole kumi kila mmoja. Ile ya zamani haina breki, na mimi nina miaka sitini na nane, mkono wangu siku hizi unatetemeka. Atakayeishika baada yangu ni mtoto wa mtu. Msiirudishe mpya. Mwambieni mkurugenzi ukweli, aniruhusu niifungue. Akikataa, nitakaa chini ya taa nyekundu nimsubiri huyo kijana wa Kairo, lakini siwashi ile tena kumdanganya mtu."

Baada yake hakuna aliyetaka kuhesabu kura upya. Mwenyekiti alisema uamuzi wa wengi unabaki, lakini ombi la Usta litangulie. Ndivyo tulivyopanga maombi yetu.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba Usta Zaghlul el-Bayyumi apewe idhini ya kufungua swichi ya ukutani, na hiyo tu, kila nyaya zinapopishanishwa na watu wa umeme. Kabati la mashine hataligusa. Ukurasa wa arobaini na moja unaeleza kazi hiyo yote, na tunao watu kumi na tisa wa kumsomea, ingawa hahitaji kusomewa.

Pili, winchi ya saa nane irudi bila kitu. Mashine ya zamani ibaki miezi kumi na miwili, imefunikwa turubai, kwa ajili ya siku ambazo mpya imesimama kwa ugonjwa tusioujua. Ikitimiza mwaka hatujaihitaji, tutaipakia wenyewe. Usta Zaghlul ameahidi kuivua beringi zake kwanza, kwa kuwa anasema hizo ni zake na hazihusiani na Mfuko.

Tatu, Mfuko ufundishe mafundi wawili hapa hapa Dumyat, na vipuri vinavyochakaa haraka, yaani visu, mikanda na fyuzi, viwekwe katika ghala la mkoa. Tunamheshimu kijana wa Kairo, lakini mikoa sita ni mingi kwa mtu mwenye tumbo moja, na kila mahali wanampikia.

Nne, kwa wale watakaonunua wenyewe na hawamo katika mpango huu. Vijana hutuuliza: tununue mtumba au mpya? Hatuwezi kuwajibu kwa neno moja. Anayenunua mtumba ananunua pamoja na ugonjwa alioficha mwenzake, na lazima awe na mtu wa kuutibu. Anayenunua mpya ananunua afya, lakini siku mashine ikiugua lazima ajue ni nani ameruhusiwa kuigusa. Tunaomba Mfuko uwaandikie hivyo kwenye vipeperushi vyake, mahali pa ile picha ya mtu anayecheka.

Ikiwa ombi la kwanza halitawezekana, hatutakasirika, na chakula kitaliwa vilevile. Umm Wagih amepika bata tangu asubuhi. Lakini kwa uamuzi wa mkutano wa Ijumaa, itabidi saa nane winchi iondoke na mashine mpya, na sisi tutabaki na ile inayojulikana. Tutasikitika. Mmoja wetu atasikitika zaidi ya wote.

KUFUNGA

Mgeni rasmi, sasa utainuka kwenda kwenye utepe. Ukate, ni haki yako, na mkasi umenolewa. Ila tunakusihi usibonyeze kitufe. Ukikibonyeza sasa hakitakuitikia, na hatutaki mkono wako udharauliwe mbele ya watu wetu. Pazia la turubai tumeliondoa ili uone kwamba hakuna mtu aliyejificha kwenye ile ya zamani.

Usta Zaghlul amesimama chini ya swichi ya ukutani. Amevaa shati la Idi. Umeme mkuu tumeuzima, kipaza sauti hiki kinatumia betri, na bisibisi anayo mfukoni. Hataitoa mpaka asikie. Mtamkie neno moja tu, fungua, kwa sauti inayofika mstari wa nyuma, na afisa wako aliandike na tarehe yake. Halafu umpe dakika kumi, ukae, unywe chai. Ndipo ubonyeze.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, akupe umri na wasaidizi wasiokuficha neno, na aitie baraka kazi ya kila aliyeketi humu.

Ni sisi,
Ushirika wa Mafundi Seremala na Washonaji wa Vitambaa,
Ezbet el-Nashar, Dumyat.